Kabla ya akili bandia: tableti za Kisumu na uchovu wa mwalimu

Siku hizi tunaambiwa akili bandia itampunguzia mwalimu kazi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo ningependa iwe kweli, lakini kwanza tuangalie historia, tena ya hapa hapa Kisumu.

Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Wanafunzi nchini wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, nao walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Madaftari ya kusahihisha yakarundikana.

Mwaka 2013, mradi wa kusoma wa PRIMR ulifanya jaribio katika Kaunti ya Kisumu. Katika kundi moja la shule, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. La pili, walimu walipewa tableti. La tatu, tableti walipewa wakufunzi wanaozunguka shuleni kuwashauri walimu. Matokeo yalichapishwa 2016: hakuna kundi lililoyaacha mengine mbali, ila lile la wakufunzi ndilo lililokuwa na faida kubwa zaidi kwa kila shilingi. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015, ukaifuata njia hiyo nchi nzima. Mwalimu alipata vitabu na mwongozo wa karatasi, na tableti ikabebwa na anayekuja kumsaidia.

Wakati huo huo mifumo mingine ikaingia. Mwaka 2016 TSC ilileta TPAD, mwalimu ajaze tathmini ya kazi yake kila muhula, na chama cha KNUT kikaipinga. Mtaala wa umilisi ulipoanza nchini 2019, zikafuata alama za kupakia kwenye tovuti ya KNEC. Ukiwa kisiwani Mfangano na mtandao ukapotea, kazi ya dakika kumi inakula jioni nzima.

Sasa tuje kwa akili bandia. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mwalimu anaweza kuandikiwa rasimu ya andalio la somo kwa dakika chache. Vizuri sana. Lakini muda huo ukijazwa ripoti nyingine, uchovu uko pale pale.

Kwa hiyo mkuu wa shule akiniuliza anunue programu gani, nami nitamuuliza: itamwondolea mwalimu fomu ipi? Asipoweza kuitaja hata moja, pesa zake azinunulie vitabu.

Walimu, nyinyi mwaonaje?