Kigunduzi au kinasa?

Chombo kinachozunguka mahali protoni zinapogongana, kama kule kwenye maabara ya CERN, wengi wangekiita kigunduzi. Neno limeundwa vizuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayegundua.

ATLAS, kimoja cha vyombo hivyo vya CERN, karibu na Geneva, ina urefu wa mita 46 na uzito wa tani 7,000 hivi. Mafungu ya protoni hupishana ndani yake hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Yenyewe hunasa tu: njia ya chembe, nishati yake, muda wa kupita. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa Julai 2012, haikuonekana. Watu waliifikia kwa kuhesabu mabaki yake. Ndiyo maana napendelea kinasa, ndugu yake kinasa sauti. (Chembe za neutrino hupenya bila kunaswa, najua. Hujulikana kwa nishati iliyopungua kwenye hesabu.)

Tazama anavyofunzwa mwanafunzi wa kazi ya kunasa chembe. Hupewa chemba ya gesi yenye nyaya nyembamba, ya ukoo wa ile aliyobuni mwanafizikia Georges Charpak mwaka 1968. Juu na chini yake huweka vibao vya plastiki vinavyotoa mmweko chembe ikipita. Chembe iitwayo muoni ikishuka kutoka angani, vibao vyote viwili vikatoa mmweko na chemba ikanyamaza, kuna kasoro: pengine volti haitoshi, pengine gesi inavuja. Chemba haitamwambia ni ipi. Atagundua mwenyewe.