Mercedes Mbili, Majina Mawili

Mwaka 1948, Christopher Janus, mfanyabiashara wa Chicago, alilipwa deni lake na kampuni moja ya Uswidi. Badala ya pesa akapewa gari. Na si gari la mchezo: Mercedes-Benz 770, injini ya lita 7.7, silinda nane kwa mstari mmoja, pamoja na kompresa, yaani pampu ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho kompresa inaingia kazini, na nguvu zinapanda kutoka farasi 155 hadi 230. Zilihitajika zote. Ukishaliongeza vyuma vya kuzuia risasi, dude hilo linapita tani 4.

Toleo la kwanza lilitoka 1930, kabla Wanazi hawajashika nchi. Wateja wake walikuwa wadosi wa dunia: Hirohito wa Japani, na hata Kaiser Wilhelm II akiwa uhamishoni Uholanzi. Lakini nani atapiga foleni kuona gari la Kaiser? La Janus lilitangazwa kuwa la Hitler, likazungushwa Marekani kuchangisha pesa za misaada. Watu walijaa.

Kumbe Hitler alikuwa amempa zawadi Mannerheim wa Ufini, mwaka 1941, wakati Ujerumani ilimhitaji vitani dhidi ya Urusi. Baada ya vita likaishia Uswidi.

Sasa sikia hii. 770 nyingine, iliyonaswa na wanajeshi wa Marekani Mei 1945, ilifika Kanada ikiitwa gari la Göring. Ikakaa kwenye jumba la makumbusho ya vita, Ottawa, na jina hilo. Mkutubi wa hapo, Ludwig Kosche, hakuridhika. Alifukua nyaraka na picha za zamani, miaka ikapita, na mwishowe akathibitisha: hilo ndilo lililokuwa la Hitler.

Mimi hunisumbua jambo moja. Chuma hakikubadilika hata msumari, ila baada ya Kosche watu wakaanza kulitazama kwa macho mengine. Kwani tulikuwa tunaangalia nini hapo mwanzo? Ufundi? Mbona basi tusiende kuona lile la Hirohito?

Mwaka 2000 usimamizi ulifikiria kuliuza ili upate pesa. Wananchi wakapiga kelele, wengine wakihofia mnunuzi angekuwa mtu wa aina gani. Halikuuzwa. Liko Ottawa hadi leo.