Historia ya Marekebisho ya Mfumo Endeshi katika Kompyuta za Ofisi: Bukoba na Muleba, 2001–2014

Historia ya kompyuta nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kama historia ya maamuzi ya Serikali. Husimuliwa kwamba kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwamba uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, na kwamba Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003. Katika masimulizi hayo, kazi ya kuitunza mashine baada ya kununuliwa haionekani. Insha hii inachunguza sehemu moja ya kazi hiyo, yaani kuongeza kasi ya kompyuta za ofisi kwa kubadili mipangilio ya mfumo endeshi bila kununua kifaa kipya. Kipindi kinachoangaliwa ni cha Windows XP, tangu ilipotolewa mwaka 2001 hadi Microsoft ilipositisha huduma zake tarehe 8 Aprili 2014. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya marekebisho hayo yalikuwa mkopo: kasi ilipatikana leo, na deni likalipwa baadaye na kumbukumbu za ofisi.

Mazingira ya Kagera yanalipa suala hili uzito wa pekee. Bukoba ni makao makuu ya mkoa. Wilaya ya Muleba, iliyo kusini mwake, inajumuisha pia visiwa vya Ziwa Victoria kama Bumbire na Goziba. Katika kipindi hicho mkoa ulipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, badala ya gridi ya Taifa. Aidha, kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje. Kwa sababu hiyo, mtandao wa ofisi ulimaanisha kwanza kompyuta chache zilizounganishwa kwa waya ili kutumia printa moja na mafaili ya pamoja.

Marekebisho yaliyojulikana wakati huo yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisaidia kweli. Windows XP iliweza kuendeshwa kwa kumbukumbu ya megabaiti 64, ingawa 128 ndizo zilizopendekezwa. Kumbukumbu ilipojaa, mfumo ulihamishia kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Kuondoa vivuli vya menyu na kuzuia programu zisizohitajika zisijiwashe kuliipunguzia mashine mzigo huo. Vilevile, mfumo ulitafuta wenyewe folda na printa za mtandaoni, na kompyuta yenye printa ilipozimwa, nyingine zingeweza kukwama zikiisubiri. Kuondoa alama moja katika mipangilio ya folda kulisitisha utafutaji huo.

Kundi la pili lilikuwa uvumi. Ilisemekana kwamba Windows XP ilijitengea asilimia 20 ya uwezo wa mtandao, na kwamba mtumiaji angeweza kuurudisha. Microsoft ilieleza kwamba uwezo huo ulibaki wazi kwa programu zote, isipokuwa pale programu maalumu ilipoomba kipaumbele. Uvumi huu ulienea kwa sababu ulimpa mtumiaji matumaini yasiyo na gharama.

Kundi la tatu ndilo lenye utata. Mfumo uliruhusu diski ipokee data katika hifadhi ya muda na kuiandika rasmi baadaye. Kompyuta ilionekana kuwa nyepesi, kwani mtumiaji aliarifiwa kwamba faili limehifadhiwa kabla halijaandikwa. Umeme ukikatika katika muda huo mfupi, data hupotea au faili zima huharibika. Mpangilio usio na madhara makubwa penye umeme wa uhakika huwa hatari pale ambapo ofisi haina kifaa cha kuhifadhi umeme. Kuzima masasisho nako kuliokoa kumbukumbu na gharama za intaneti. Hata hivyo, Oktoba 2008 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu ambao mwezi uliofuata ulianza kutumiwa na programu hasidi ya Conficker. Programu hiyo ilisambaa kupitia mitandao ya ndani na, katika matoleo ya baadaye, kupitia flashi. Kompyuta moja isiyosasishwa iliweza kuhatarisha zote zilizounganishwa nayo.

Uchambuzi huu unaonesha kwamba swali la kasi halikuwa la kiufundi pekee. Aliyefaidika na kasi alikuwa mtumishi aliyekaa mbele ya skrini. Aliyebeba hasara ya faili lililoharibika angeweza kuwa mgonjwa, mwalimu au mkulima ambaye jina lake limo ndani ya faili hilo. Mipangilio iliweza kubadilishwa bila kuandikwa popote, hivyo fundi aliyefuata hakuwa na njia rahisi ya kujua kilichoguswa.

Kwa kuhitimisha, Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ikapitishwa mwaka 2019. Hatua hizo zimeweka utaratibu katika ngazi ya Taifa. Katika ngazi ya ofisi, funzo la kipindi cha Windows XP ni la kawaida zaidi: kila badiliko la mipangilio liandikwe katika daftari la matengenezo, likionesha tarehe, sababu na namna ya kulirejesha. Pasipo daftari hilo, mtafiti hukosa chanzo cha historia, na ofisi hukosa njia ya kujua deni lake.