Vichochoro vya Igogo
Zitajwapo njia nyembamba za miji ya kale, aghalabu fikra zetu huelekea Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, au vichochoro vya Beijing huko Uchina, viitwavyo hutong. Ni nadra kuisikia Igogo ya Mwanza. Yamkini ni kwa kuwa tumezoea kuyaita historia yale yaliyojengwa na wafalme na matajiri, hali Igogo ilijengwa na wavuja jasho.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Mwaka 1928 tawi la reli kutoka Tabora likafika ziwani, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Watu walifuata kazi relini, bandarini na sokoni. Asiyepata kiwanja tambarare alipanda mlimani, akajenga kati ya majabali.

Ingia Igogo kwa miguu, ndugu msomaji, maana huko juu gari halifiki. Utaona kwamba mpimaji wa kwanza wa mtaa alikuwa mwamba. Jabali liliposimama, njia ilizunguka. Lilipoachana na jenzake, njia ilipenya. Nyumba imechimbiwa mlimani upande wa juu, na upande wa chini imeinuliwa kwa msingi mrefu wa mawe. Hapo hupita ndoo ya maji, gunia la mkaa, mgonjwa na jeneza, vyote kwa nguvu za mabega. Kwa hiyo azibaye kichochoro hamzuii mpita njia tu. Amewafungia mlango wazima na wafu.

Zamani makazi ya namna hii yalihesabiwa kuwa aibu ya mji, na dawa yake ilikuwa kubomoa. Kuanzia mwaka 1972 Serikali iligeuza mwendo, ikaanza kuyaboresha pale pale yalipo. Katika miaka ya karibuni umekuja urasimishaji: nyumba hupimwa na wenyewe hupata hati. Hili ni jema, kwani aliyeishi kwa hofu sasa hulala usingizi.

Lakini hapana budi tujiulize: hati humlinda mwenye nyumba, je, njia italindwa na nani? Kichochoro hakina mwenyewe wa kukisemea siku ya kupima. Kila jirani akidai hadi shubiri ya mwisho, ramani itajaa viwanja na mlima utakosa pa kupitia. Mita moja itolewayo leo na kila upande ni sadaka itakayowafaa wajukuu.

Yafaa basi vichochoro vitiwe katika ramani pamoja na majina ambayo wenyeji wanaviita, na wazee waulizwe nani alitangulia kupita wapi, kabla hawajatutoka. Kule Unguja kuta ndizo zilizoibana njia. Igogo njia ilitangulia, nyumba zikaifuata. Ikipotea, utakuwa umepotea ukurasa wa kwanza wa mtaa huo.