Kutoka "Kifua" hadi "Pumu Sugu"

Katika nchi ya mkonge, tuseme Kabuku wilayani Handeni au Korogwe jirani yake, neno linalotangulia si "pumu" bali "kifua". "Ana kifua" husemwa juu ya mtoto anayepumua kwa mluzi, juu ya mzee mwenye kifua kikuu, na juu ya kibarua aliyevuta vumbi la singa. Msemo huo una sababu yake: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1978 kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini uliwakuta wa sehemu ya brashi wakibanwa kifua zaidi kuliko wasokotaji. Hata hivyo, kwa tabibu neno hilo ni pana mno, na "pumu", lililo la ukoo mmoja na "pumua" na "pumzi", ndilo lililoshika nafasi katika vitabu vya afya.

Taabu yetu ilianzia kwenye kivumishi. Tulipofasiri karatasi ya maelezo kwa wazazi kuhusu dawa mpya za watoto, tuliandika "pumu kali" bila kusita. Iliposomwa Kabuku, mama mmoja aliuliza: "Ile ya usiku? Mbona asubuhi mwanangu huenda shule?" Kwake "kali" ni shambulio, kwa mwandishi wa asili ni hali ya ugonjwa wenyewe, kwa miezi na miaka.

Mwaka 2010 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walichapisha mgawanyo wa pumu hiyo katika mafungu matatu: isiyotibiwa, iliyo ngumu kutibu (kwa mfano dawa inapotumiwa vibaya), na isiyosikia dawa hata zikitumiwa ipasavyo. Mtoto wa fungu la kwanza anahitaji dawa ya kuvuta, ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, wala si sindano ya bei kubwa. Mfasiri akiyaita yote "pumu kali", mzazi aweza kuuza mbuzi kwa ajili ya dawa isiyomhusu mwanawe. Fungu la tatu peke yake tunaliita "pumu sugu", kama isemwavyo "malaria sugu".

Sindano zenyewe zina historia ndefu kuliko watu wadhanivyo. Kati ya 1966 na 1967 Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden, waligundua kingamwili ya mzio, nayo mwaka 1968 ikapewa jina la IgE. Mwaka 1975 Köhler na Milstein walionyesha huko Cambridge namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi. Kutokana na njia hizo mbili ilipatikana omalizumab, inayoikamata IgE kabla haijawasha mzio. Marekani iliiruhusu mwaka 2003 kwa wenye miaka 12 na zaidi; watoto wa miaka 6 waliruhusiwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2016. Mepolizumab na dupilumab zilifuata.

Wengi huziita "dawa za kibayolojia". Hatulipendi jina hilo. Msikilizaji wa redio amekwisha kulizoea katika "silaha za kibayolojia", na halimwambii dawa inafanya nini. Twapendekeza "dawa za kingamwili", ingawa tunakiri kwamba kwa omalizumab tunapata kingamwili ya kukamata kingamwili! Wala tusiutegemee mkia "-mab" kuwa alama ya kudumu: tangu mwaka 2021 majina mapya ya kimataifa hupewa mikia mingine, ya zamani yakabaki yalivyo.

Karatasi ile sasa inasomeka hivi: "Omalizumab ni dawa ya kingamwili kwa mtoto mwenye pumu sugu ya mzio. Huchomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili au nne. Haiondoi shambulio la usiku. Usimwachishe mtoto dawa ya kuvuta mpaka daktari aseme."