Nyumba za Mnada Mwanza na Mitego ya Kurithi

Nyumba inayopigwa mnada Mwanza kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa mkopo huuzwa chini ya sheria za vizazi vitatu. Zipo zilizoachwa na Waingereza, zilizotungwa wakati wa Ujamaa, na zilizokuja na mageuzi ya uchumi. Kila kizazi kilikuwa na mtu wake wa kumlinda: kwanza mkopeshaji, kisha mpangaji na mke, kisha benki. Mnunuzi hakuwa wa kwanza kufikiriwa na yeyote kati yao, ndiyo maana hatari nyingi zinazomkuta leo katika mitaa ya mji huo kama Nyakato au Pasiansi ni za siku nyingi kuliko nyumba yenyewe.

Mji ulikua kutoka kwenye boma la Wajerumani la miaka ya 1890. Amri yao ya mwaka 1895 ilihesabu ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola, na Waingereza, katika Sheria ya Ardhi ya 1923, wakaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya gavana. Raia alipewa haki ya kuikalia tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Msingi huo haujabadilika, isipokuwa nafasi ya gavana imechukuliwa na rais kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo anachonunua mtu mnadani ni miaka iliyobaki kwenye hati, pamoja na masharti yaliyoandikwa humo. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1995 inakwisha 2028, na tangazo la mnada mara nyingi halisemi hivyo. Husema vyumba vinne, ukuta na geti.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikaufanya mji kuwa wa biashara. Waliokopa kwa rehani ya majengo walikuwa hasa wafanyabiashara wenye asili ya Asia na Wazungu wachache. Mwafrika alizuiwa kwa sheria ya mkopo kwa wenyeji, iliyofanya deni lake lisidaiwe mahakamani mpaka afisa wa serikali awe ameliidhinisha kwa maandishi. Ilitangazwa kuwa kinga dhidi ya wakopeshaji wenye tamaa, na kweli ilikinga, lakini pia ilimfungia mkulima na mchuuzi mlango wa mtaji. Ndiyo sababu minada ya nyumba ya enzi hiyo ilikuwa habari ya mitaa ya maduka, si ya makazi ya milimani.

Kutoka enzi hiyo imebaki Sheria ya Madalali, Sura ya 227, ambayo bado inauangusha mnada hata leo. Inataka ardhi isiuzwe mnadani kabla ya kupita siku 14 tangu tangazo litolewe kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali pa mauzo. Tangazo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, litaje jina la mwenye mali na anakoishi, na litolewe pia kwa njia inayoeleweka na asiyejua kusoma. Gari lenye spika linalopita Mabatini likitangaza mnada ni mjukuu halali wa kifungu hicho. Dalali anayeweka tangazo gazetini Jumatatu na kuuza wiki inayofuata anamwachia mnunuzi kesi, hata kama nyundo iligonga mbele ya watu mia.

Ipo njia ya pili, ya kuuza kwa amri ya mahakama ili kutekeleza hukumu. Hiyo ina asili ya India. Tanganyika ilitumia Kanuni ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908 hadi ilipotunga ya kwake mwaka 1966, na ya kwake ilifuata ileile karibu kifungu kwa kifungu. Mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15. Akishindwa, nyumba inauzwa upya na fedha yake inaweza kupotea. Hata akilipa yote bado hajawa salama, kwa kuwa mdaiwa anaweza kuikomboa nyumba kwa kuweka mahakamani deni lililotangazwa pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi, au kuomba mauzo yafutwe kwa udanganyifu au kasoro kubwa ya utaratibu. Jambo linalowapita wengi ni kifungu cha 48 cha kanuni hiyo, kinachokataza kukamata nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake kwa ajili ya hukumu ya deni la kawaida. Nyumba iliyowekwa rehani benki ni habari nyingine. Mnunuzi asiyeuliza mapema kama anaalikwa kwenye mnada wa rehani au wa hukumu huja kujua tofauti hiyo mahakamani.

Mwaka 1967 benki zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Miaka minne baadaye, 1971, zilipitishwa sheria tatu ambazo mnunuzi wa mnada hakwepi hata moja. Sheria ya Kutwaa Majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambamo wenyewe hawakuishi, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Katikati ya mji wa Mwanza majengo mengi ya ghorofa yalibadilisha mikono kwa njia hiyo bila mnada wowote. Sheria ya Ndoa, ya mwaka huohuo, ilikataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ya tatu, Sheria ya Ukomo, iliweka miaka 12 ya kudai ardhi. Maana yake, mtu anaweza kuishi katika nyumba aliyoinunua mwaka mzima, miaka mitano, hata kumi, na bado akaletewa samansi na mtu anayedai iliuzwa isivyo halali.

Kipindi kilichofuata minada ilikuwa haba. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikopesha kwa riba nafuu, na kumtoa mtumishi wa umma nyumbani kwake halikuwa jambo lililokubalika kisiasa. Madeni yakarundikana mpaka benki hiyo ikafungwa mwaka 1995. Wakati huo mageuzi yalikuwa yamekwisha anza. Mwaka 1991 milango ilifunguliwa kwa benki binafsi, na mwaka huohuo ikaundwa LART, chombo maalumu cha kukusanya madeni mabovu ya benki za umma, chenye baraza lake la kusikiliza mashauri. Kwa mara ya kwanza mnada wa mali ya mdaiwa ukawa jambo la kusomwa magazetini kila mara.

Kando ya ziwa mageuzi hayo yaliangukia biashara mbili kubwa. Ya kwanza ni pamba. Chama Kikuu cha Ushirika Nyanza, mrithi wa shirikisho la vyama vya ushirika lililoanzishwa mwaka 1955, kiliingia soko huria kikiwa na viwanda, maghala na majengo mengi, na pia madeni mengi. Mali zake kadhaa ziliuzwa kulipa madeni hayo. Mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ilichunguza mauzo hayo, na baadhi ya mali zikarudishwa kwa chama. Pengine hakuna tukio Kanda ya Ziwa lililowafundisha wanunuzi kwa ukali zaidi kwamba bei ya kutupa inaweza kugeuka ushahidi dhidi ya aliyeilipa.

Ya pili ni samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka Mwanza tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na fedha ikaenea hadi kwa mwenye mtumbwi na mashine. Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa mara kwa mara kati ya 1997 na 1999, waliokuwa wamekopa kwa ajili ya nyavu, injini na magari ya barafu walibaki na marejesho bila mauzo. Hapa ndipo tabia ya mkopo wa Mwanza inaonekana vizuri. Nyumba nyingi zinazopigwa mnada hazikukopewa ili zijengwe. Zilikwisha jengwa kwa fedha ya mfukoni, tofali kwa tofali, kisha zikawekwa dhamana kwa mtaji wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, wa duka la vipuri au wa pamba. Biashara inaanguka kwa msimu mmoja, na nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi inaondoka nayo. Familia iliyomo ndani mara nyingi haikuona hata shilingi ya mkopo, na haishangazi kwamba inapigana hadi mwisho.

Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilijaribu kumsaidia mkopaji. Iliipa mahakama uwezo mpana wa kuufungua upya mkataba wa rehani. Benki zililalamika kwamba dhamana imegeuka karatasi, na marekebisho ya 2004 na ya 2008 yakarudisha mizani upande wao. Leo mkopeshaji humpa mkopaji notisi ya siku 60, na muda ukipita bila malipo anaweza kuelekea kwenye kuuza bila kwenda mahakamani. Lakini anatakiwa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya nyumba zinazofanana, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vijana wanaojisifu kwamba wamepata nyumba ya milioni mia kwa arobaini wangefaa kuanza hapo.

Kwenye makaratasi mnunuzi analindwa na kifungu cha 135 cha Sheria hiyo ya Ardhi. Halazimiki kuchunguza kama mkopaji alikosa kulipa kweli, na aliyedhulumiwa na mauzo mabovu anatakiwa kumdai fidia aliyeuza. Ulinzi huo ni wa kweli, na Mahakama ya Rufani imeutumia. Ila unamhusu mnunuzi wa nia njema asiyejua kasoro, na nia njema huthibitishwa baada ya miaka ya kesi. Tena hauponyi kwa urahisi rehani iliyokuwa batili tangu mwanzo, na hapo ndipo mke anapoingia. Marekebisho ya 2008 yanamtaka mkopaji aseme kama ana mwenzi, na benki ihakikishe ridhaa ipo. Katika nyumba ya mitara ridhaa ya mke mkubwa haimfungi mdogo anayeishi Buhongwa ndani ya nyumba yenyewe. Sheria ya Ndoa pia huwadhania kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakitambulika hivyo, hivyo kiapo cha “sijaoa” kinaweza kuanguka mbele ya ushahidi wa majirani. Zuio la Baraza la Ardhi na Nyumba au la Mahakama Kuu huombwa, mara nyingine, asubuhi ya mnada wenyewe.

Mnada huo kwa kawaida hufanyika getini. Dalali hufika na wasaidizi, mtendaji wa mtaa na mara nyingine polisi. Husoma masharti haraka, kisha bei inaanza kupandishwa. Kuingia ndani kukagua ni bahati, kwa kuwa wenye nyumba wamefunga na wanachungulia dirishani. Wazoefu hujuana, na haikosi siku wanapokubaliana nani aachiwe. Kuna pia wanaopandisha bei bila nia ya kununua. Tangu 2017 madalali wa mahakama wanatakiwa kuwa na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, hatua iliyopunguza ubabaishaji bila kuumaliza. Mwaka 2018 Benki Kuu ilizitaka benki zishushe mikopo chechefu, iliyokuwa imevuka asilimia 10 ya mikopo yote, hadi asilimia 5, na shinikizo la kuuza dhamana likaongezeka.

Milimani shida ni nyingine. Igogo, Mabatini na sehemu za Bugando zilijengwa juu ya miamba kabla ya mpimaji kufika, na mikopo midogo ilichukuliwa kwa mikataba ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nyumba ya namna hiyo haina namba ya kiwanja, na mpaka wake ni jiwe, mti au choo cha jirani. Urasimishaji umewapa wengi hati, lakini jina lililoingia kwenye hati laweza kuwa la kaka, na deni likawa la mdogo wake. Hata kwenye viwanja vilivyopimwa, kosa la herufi moja ya kitalu kwenye tangazo limewahi kutosha kuzua mgogoro.

Ufukweni, mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 maji yalipanda tena hadi kiwango cha rekodi, yakaingia mialoni, bustanini na sebuleni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Nyumba iliyothaminiwa ziwa likiwa limeshuka inaweza kupigwa mnada ikiwa nusu yake imo ndani ya mita hizo, na thamani iliyotajwa ni ya ripoti ya zamani.

Baada ya nyundo hubaki safari ya ofisini. Kamishna wa Ardhi lazima aridhie uhamisho wa miliki. Ushuru wa stempu hulipwa, na pango la ardhi la miaka iliyopita huangukia aliye mezani. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa miaka mingi hilo lilimgusa pia mtoto wa Sengerema aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza na kutuma fedha ili ndugu amnunulie. Jina likiisha kuingia kwenye daftari la Msajili wa Hati, kinachobaki ni kuwatoa waliomo. Wapangaji wenye mikataba hupewa muda, na mwenye nyumba wa zamani akikataa kutoka, mnunuzi hurudi mahakamani kuomba amri ya kukabidhiwa, kwa gharama zake mwenyewe.