Ukabaila wa Ulaya na Nyumba Bila Ardhi ya Mtopanga

Istilahi ya ukabaila imezoeleka mno katika tahakiki za fasihi ya Kiswahili, hasa tangu kuchapishwa kwa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi mwaka 1978, hata ni nadra mhakiki kuuliza kama inaafiki hali anayoieleza.

Katika Ulaya ya Zama za Kati, mfalme alimpa mkuu wa vita ardhi kwa kiapo cha utiifu na sharti la kutoa askari. Huyo naye aliwagawia walio chini yake. Chini kabisa alikuwako mtwana, asiyeruhusiwa kuhama bila ridhaa ya bwana, na ambaye kesi zake zilikatwa barazani pa bwana huyo huyo. (Susan Reynolds, katika kitabu chake cha 1994, ameonya kwamba picha hii imenyooshwa kupita kiasi.) Hata hivyo, lililomfunga mtwana ndilo lililomlinda: mila ilimwachia kipande cha kulima, yeye na wanawe.

Kisauni, ikiwamo Mtopanga, mambo yalikwenda kinyume. Utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, aliyekuwa mtumwa alipata uhuru wa kwenda atakako, lakini si haki ya kukaa alipo. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi wajitokeze. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi na watumwa wa zamani hawakupata hati. Desturi ya pwani ilitenganisha mnazi na ardhi, mtu akaweza kumiliki mti penye shamba la mwingine. Kwa hiyo mwenye hati alimwachia mkaaji apande mihogo na mahindi, si minazi, kwani mnazi ungesimama shahidi. Mji ulipopanuka, ikaja kodi ya kiwanja, na mpangaji akajenga nyumba yake juu ya ardhi isiyo yake.

Huo si ukabaila. Uingereza yenyewe ilikwisha kufuta umiliki wa ardhi kwa utumishi wa vita mwaka 1660. Iliyoileta Mombasa ni miliki kamili, ya kuuzika. Mhakiki anayemwita mwenye hati kabaila humsamehe karani wa 1908. Isitoshe, riwaya ya Shafi yahusu Unguja, ambako baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu. Nchini Kenya, mapatano ya Oktoba 1963 yalizilinda hati za pwani, na sheria ya 1908 ilipofutwa mwaka 2012, hati zenyewe zilibaki.